Kundi Lililozaliwa Njiani: Molière na Wenzake Kabla ya Paris Kuwapokea

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, waigizaji wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza viti vya nyuma kwa tamaa ya kutoka mapema, asanteni kwa kunialika.

Nilipoombwa kuzungumza juu ya Molière, mtunzi na mwigizaji wa Ufaransa wa karne ya 17, nilikubali kwa sharti moja, kwamba nisimzungumzie yeye peke yake. Wengi wenu mnamfahamu kupitia Tartuffe, tamthilia ambayo kwa Kiswahili tumeizoea kwa jina la Mnafiki, na pengine mmewahi kuona picha za Comédie-Française, jumba la maigizo la Paris lenye viti vyekundu vya mahameli, ambayo Wafaransa hupenda kuiita Nyumba ya Molière ingawa ilianzishwa kwa amri ya Mfalme Louis wa 14 mwaka 1680, miaka 7 baada ya Molière kufariki. Anayeingia katika nyumba kama ile ni rahisi adhani kwamba sanaa iliyomo ilizaliwa humo humo, juu ya zulia, chini ya taa. Mimi nimekuja kusema kwamba ilizaliwa njiani. Kundi lililoingia Paris mwaka 1658 na kumchekesha mfalme lilikuwa limetumia miaka 13 kuzunguka mikoani, likifungasha na kufungua masanduku, likiomba vibali, likinyimwa, likibadilisha wafadhili. Na kile kitu kilichomchekesha mfalme hakikuwa kitu cha Paris hata kidogo. Kilikuwa kitu cha mikoani, kilichonolewa mbele ya watu ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Tuanze na kushindwa, kwa sababu ndiko walikoanzia wenyewe.

Tarehe 30 Juni 1643, vijana 10 walikutana Paris nyumbani kwa mjane Marie Hervé, mama wa akina Béjart, wakatia sahihi mbele ya mthibitishaji wa mikataba hati ya kuunda kundi walilolipa jina la Illustre Théâtre, yaani Jukwaa Tukufu, jina lenye majivuno si haba kwa watu ambao hata ukumbi walikuwa hawajapata. Mmoja wao aliitwa Jean-Baptiste Poquelin, ndiye Molière wetu kabla hajajipa jina hilo, kijana wa miaka 21, mwana wa fundi wa mapazia, mazulia na samani aliyekuwa na cheo cha kuhudumia nyumba ya mfalme. Cheo kile kilikuwa kimrithishwe yeye. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa amekiachia nduguye mdogo, akapokea kwa baba yake livre 630, livre ikiwa fedha ya Ufaransa ya wakati ule, na fedha hizo zikaenda zilikokwenda, kama mnavyojua fedha za waigizaji zinavyokwenda.

Hati ile inastahili kusomwa taratibu, hasa na mtu yeyote anayefikiria kuunda kundi. Haikumtaja mwenye mali wala bosi. Ilikuwa hati ya ushirika: mapato ni ya wote, na anayetaka kujitoa sharti atoe taarifa miezi 4 kabla, asije akawaacha wenzake wakiwa wamekwisha kutangaza mchezo. Wanaume watatu, yaani Clérin, Poquelin na Joseph Béjart, walipewa haki ya kupokezana nafasi za mashujaa, ili asiwepo mmoja wa kuzihodhi zote. Na Madeleine Béjart, mwanamke wa miaka 25 aliyekuwa amekwisha kuonja jukwaa kuliko wengi wao, alipewa peke yake haki ya kuchagua nafasi anayoitaka. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa simulizi nyingi humtaja Madeleine kama mpenzi wa Molière kisha zikamwacha hapohapo. Aliyesoma hati anajua kwamba kundi lilikuwa la akina Béjart kwanza, na kwamba yule kijana Poquelin ndiye aliyeingia kwao.

Mwandishi Charles Perrault, aliyeandika mwishoni mwa karne ile, anasimulia kwamba mzee Poquelin, alipoona mwanawe anapotea, alimtuma mwalimu mmoja aliyewahi kumfundisha ili akamrudishe nyumbani, na kwamba kijana yule alizungumza vizuri sana juu ya ufundi wa jukwaa hata mwalimu naye akajiunga. Huenda hadithi hii imetiwa chumvi. Lakini miongoni mwa zile sahihi 10 imo ya Georges Pinel, na Pinel alikuwa mwalimu wa kuandika.

Kundi lilipanga ukumbi ulioitwa Métayers, ambao haukuwa umejengwa kwa ajili ya maigizo. Ulikuwa ukumbi wa mchezo wa mpira, ule mchezo uliokuja kuzaa tenisi ya leo: jengo refu, jembamba, lenye paa na kuta ndefu tupu, ambalo ukilitandikia jukwaa upande mmoja na kulizungushia viti pembeni linageuka kuwa ukumbi wa maigizo. Kabla ya kufungua milango walimwajiri fundi wa kutandaza mawe, Léonard Aubry, aisakafie njia ya mbele ili magari ya farasi ya wakubwa yasikwame kwenye tope. Walifungua tarehe 1 Januari 1644. Njia ilikuwa nzuri; magari hayakuja. Ni katika miezi hiyo ya shida, katika hati ya Juni 1644, ndipo tunapokuta kwa mara ya kwanza sahihi ya jina Molière, ambalo mwenyewe hakuwahi kueleza alikolitoa.

Mwisho wa mwaka walihamia ukumbi mwingine, wakitumaini kwamba kasoro ilikuwa ya mtaa. Kufikia Agosti 1645 wadai walikuwa mlangoni: mkopeshaji, muuza vitambaa, na muuza mishumaa. Huyu wa mishumaa ningependa mmtazame kwa karibu, kwa maana sisi tuliozaliwa na swichi ukutani hatuwezi kujua uzito wa deni lake. Ndani ya ukumbi uliofungwa, mwanga wote ulitoka kwenye mishumaa, na kwa kundi maskini ilikuwa mishumaa ya shahamu ya wanyama, yenye moshi mzito, harufu ya mafuta yaliyoungua na machozi ya moto yanayowadondokea walio chini. Tambi zake zilipaswa kukatwa kila baada ya sehemu ya mchezo, la sivyo ukumbi mzima ungefuka moshi. Na ubaya wa mshumaa ni kwamba haujali watazamaji wamekuja wangapi. Waje 300 au waje 12, mishumaa inaungua ileile. Molière alitiwa ndani katika jela ya Châtelet kwa madeni ya kundi, naye alikuwa na miaka 23. Unajua ni nani aliyemwekea dhamana? Léonard Aubry, yule fundi wa mawe.

Hapo Illustre Théâtre ikafa. Vitabu vingi vya shule vinapofika hapa huruka, vikasema kwamba alizunguka mikoani miaka 13 kisha akarudi Paris akiwa mtu mkubwa. Mimi nitakaa katika hiyo miaka 13.

Waliobaki, yaani Molière, Madeleine, nduguye Joseph na dada yao Geneviève, walijiunga na kundi la Charles Dufresne, mwigizaji mzoefu wa njia za kusini aliyekuwa chini ya ulinzi wa Duke wa Épernon, gavana wa Guyenne. Kuwa chini ya ulinzi wa mkubwa hakukuwa na maana ya kulishwa naye kila siku. Maana yake kubwa ilikuwa jina: kundi liliruhusiwa kujitangaza kuwa ni la waigizaji wa mheshimiwa fulani, na jina hilo ndilo lililofungua malango ya miji. Bila jina ulikuwa mzururaji, na mzururaji angeweza kufukuzwa na askari yeyote.

Na hata ukiwa nalo, bado kulikuwa na kubembeleza. Tarehe 23 Aprili 1648 Molière aliingia katika ofisi ya mji wa Nantes kuomba kibali, kwa niaba ya wenzake waliokuwa bado njiani. Karani akaandika katika daftari la mji kwamba amekuja bwana mmoja wa kundi la Dufresne aitwaye Morlierre. Ndivyo alivyokuwa wakati huo, mtu ambaye karani hakuona haja ya kumuuliza jina lake linaandikwaje. Kibali nacho hakikutoka upesi, kwa sababu gavana alikuwa mgonjwa na haikuwa adabu watu wachekeshwe mjini huku mkubwa amelala kitandani. Na kilipotoka, mji uliwataka waigize siku moja kwa faida ya hospitali ya maskini. Mwaka uliofuata waliomba kuingia Poitiers wakakataliwa, kwa hoja kwamba nafaka ni ghali na watu wana shida. Ufaransa ilikuwa imeingia katika vurugu za Fronde, wakubwa wakipigana na serikali ya mfalme mtoto, majeshi yakipita na kula mashamba, na Épernon mwenyewe alichukiwa mno na watu wa Bordeaux hata ugavana wake ukaenda kwa mwingine. Jina lililofungua malango likageuka kuwa jina la kufichwa.

Kwa hiyo wakashuka kusini zaidi, Languedoc, na huko ndiko walikopata ahueni.

Languedoc ilikuwa na baraza lake, lililokutanisha maaskofu, mabwana wa nchi na wajumbe wa miji ili kujadili kodi ambazo mfalme anazitaka. Kikao kilikaa kwa miezi, leo Pézenas, mwakani Béziers, mwaka mwingine Montpellier au Narbonne, na pale kilipokaa walikusanyika mamia ya watu wenye vyeo, wenye fedha, na wasio na la kufanya jioni. Kwa kundi la kusafiri hapo palikuwa kisima jangwani. Tuna stakabadhi ya tarehe 24 Februari 1656, iliyoandikwa Pézenas, ambamo Molière anakiri kupokea kutoka kwa mweka hazina wa baraza livre 6,000. Karatasi ile ni ya thamani kuliko kiasi kilichotajwa ndani yake. Hakuna tamthilia hata moja ya Molière iliyotufikia kwa mwandiko wake, wala barua. Vilivyobaki ni sahihi chini ya mikataba, na stakabadhi. Mtu aliyewaandikia Wafaransa maneno ambayo hadi leo wanayatumia, mkono wake tunaujua kwa sababu aliwahi kulipwa.

Namna walivyompata mfadhili wao mkubwa wa kusini inasimuliwa na mtu aliyekuwapo, kasisi Daniel de Cosnac, katika kumbukumbu zake, nami naisimulia kirefu kidogo kwa sababu ni tamthilia kamili. Mwaka 1653 Armand de Bourbon, Mwanamfalme wa Conti, alikuwa akipumzika katika jumba lake la La Grange-des-Prés, nje kidogo ya Pézenas, pamoja na hawara yake, Bibi de Calvimont, ambaye alitaka waigizaji wa kumburudisha. Cosnac alipewa kazi hiyo, akawaita Molière na wenzake. Kabla hawajafika, likatokea kundi jingine, la mtu aitwaye Cormier, na Cormier akawa mjanja, akampa bibi zawadi. Molière anafika na masanduku yake, anaambiwa nafasi imekwisha. Anaomba angalau nauli. Anaambiwa hakuna.

Cosnac akaona aibu, maana ndiye aliyewaita, akaamua kutoa ekyu 1,000, yaani sarafu za fedha, za mfukoni mwake ili waigize mjini. Mwanamfalme aliposikia kwamba kasisi wake anataka kumpita kwa ukarimu, akaona bora awaruhusu waigize jumbani mara moja. Wakaigiza. Bibi hakupendezwa. Wakaigiza tena, na watu wengi wakasema hawa ni bora kuliko wa Cormier, lakini bibi na Mwanamfalme bado waliwaona wa Cormier wanatosha. Kilichogeuza mambo hakikuwa sanaa. Sarasin, katibu wa Mwanamfalme, alikuwa amempenda mwigizaji mmoja wa kundi la Molière, Bibi Du Parc, naye akalifanyia kazi jambo lile mpaka Cormier akafukuzwa, akina Molière wakabaki na wakapewa jina la Waigizaji wa Mwanamfalme wa Conti pamoja na posho. Nawaomba vijana msiisikitikie hadithi hii. Kundi zuri lilipata nafasi kwa sababu ya kijinga. Hutokea, na afadhali hivyo kuliko kundi baya kupata nafasi kwa sababu nzuri.

Huyo Bibi Du Parc walikuwa wamempata Lyon, mji uliokuwa makao yao ya kila mara katika miaka hiyo. Jina lake la ubini lilikuwa Marquise-Thérèse de Gorla, na mwezi Februari 1653 aliolewa hukohuko Lyon na mwigizaji mwenzake René Berthelot, aliyejiita Du Parc na kuchekesha kwa jina la Gros-René, bwana mnene aliyejipaka unga usoni kwa mtindo wa zamani. Lyon ulikuwa mji wa hariri, wa maonyesho ya biashara na wa Waitalia, na Waitalia walikuja na uigizaji wao wa vinyago, ambao mchekeshaji huingia jukwaani akijua kisa tu, maneno akayabuni papo hapo kwa kusoma nyuso za watu. Hapo ndipo Molière alipotunga ramsa, yaani tamthilia ya kuchekesha, yake ya kwanza ndefu ya mashairi, L'Étourdi, juu ya mtumishi mwerevu anayepanga hila kumi na bwana wake mzembe anayeziharibu zote. Mtumishi aliitwa Mascarille, jina linalotokana na kinyago, na nafasi hiyo alijiandikia mwenyewe.

Simwoni mtunzi aliyekaa chumbani na kalamu yake kisha akaenda kuwapa waigizaji. Namwona mtu anayewajua watu wake viungo kwa viungo: huyu mnene, huyu mzuri wa kucheza ngoma, Joseph ana kigugumizi, Louis Béjart anachechemea. Baadaye, katika tamthilia ya mtu bahili, kuna mtumishi anayetukanwa na yule bahili kuwa mbwa kiwete. Aliyeicheza nafasi ile alikuwa Louis. Alichechemea, basi mtumishi naye akachechemea, na kasoro ikawa mstari wa kuchekesha. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani pasipo kula pamoja, kulala nyumba za wageni pamoja na kusubiri mvua ikatike pamoja.

Na walikula. Mshairi na mwanamuziki Dassoucy, mtu wa kutangatanga aliyezoea njaa na madeni ya kamari, alikutana nao Lyon mwaka 1655, akafuatana nao kwa mashua kushuka mto Rhône hadi Avignon, kisha Pézenas, na akaandika kwa furaha kwamba katika meza yao palikuwa na sahani saba au nane kila mlo na kwamba hapajawahi kuwa na ombaomba aliyenenepa kama yeye. Mwaka huohuo Madeleine alikuwa na fedha za ziada hata akaikopesha nchi ya Languedoc livre 10,000. Sura ya wasanii wenye matambara wanaosukuma mkokoteni kwenye tope, ambayo filamu hupenda kutuonyesha, inafaa miaka ya mwanzo. Kufikia katikati ya miaka ya 1650 hili lilikuwa kundi lenye mavazi mazuri na hesabu zilizonyooka.

Lakini anayekula kwa mkono wa mkubwa hula kwa mashaka. Mwezi Desemba 1656 baraza lilikaa Béziers, na kundi lilikuwa na ramsa mpya, Le Dépit amoureux. Kwa kufuata desturi, wakawagawia wajumbe tiketi za bure, wakitumaini kwamba mwisho wa kikao wajumbe wale, kwa kuona haya, wangewapigia kura ya zawadi nono kama ile ya Pézenas. Tarehe 16 Desemba baraza likapitisha azimio: waigizaji wazichukue tiketi zao, mjumbe anayetaka kutazama alipe kutoka mfukoni, na zawadi hakuna.

Nilipolisoma azimio hilo kwa mara ya kwanza nilicheka kisha nikanyamaza. Nikiwa kijana nilizunguka na kikundi kimoja cha maigizo, na katika mji fulani tuliwajazia viongozi viti vyote vya mbele bila kiingilio, kwa ahadi ya mdomo kwamba ofisi yao ingegharamia dizeli ya kuturudisha. Viti vilijaa. Dizeli tuliinunua kwa kuuza spika moja. Wajumbe wa Béziers angalau walisema ukweli mapema, tena kwa maandishi.

Baraza lilikuwa limesikia upepo unakogeukia. Mwanamfalme wa Conti, mgonjwa na mwenye hofu ya moto wa milele, alikuwa ameokoka. Aliachana na mahawara, akajikabidhi kwa mapadri wakali, na mwaka 1657 akamwandikia padri mmoja kwamba amekuta Lyon waigizaji waliokuwa wakitumia jina lake, naye amewaamuru waliache. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kulaani michezo ya kuigiza, kilichochapishwa mwaka 1666 baada ya kifo chake. Watu husema kwamba Molière aliwajua wanafiki wa dini kwa sababu ya Paris. Mimi nadhani somo la kwanza alilipata Languedoc, ingawa kwa kumtendea haki Conti niseme kwamba hakuwa mnafiki. Aliamini kweli, na hilo kwa waigizaji lilikuwa baya zaidi.

Sasa hawakuwa na mfadhili, na mambo yakaenda kasi. Mwaka 1658 waliigiza Grenoble wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima, kisha wakapanda kaskazini hadi Rouen, mji wa Corneille, mtunzi mkubwa wa tanzia wa enzi ile, ambaye alikuwa amepita miaka 50 na bado aliweza kumwandikia Bibi Du Parc mashairi ya kumkumbusha kwamba mvi za mshairi hudumu kuliko uzuri wa mwanamke. Kutoka Rouen Molière alisafiri Paris mara kadhaa kimyakimya kutafuta mlango, na mlango ukafunguka kwa nduguye mfalme, aliyejulikana kwa jina la Monsieur.

Tarehe 24 Oktoba 1658 wakasimama katika ukumbi wa walinzi wa jumba la Louvre, mbele ya Louis wa 14 mwenye umri wa miaka 20, mama yake, na mahasimu wao waigizaji wa Hôtel de Bourgogne, ukumbi mashuhuri wa maigizo wa Paris, waliokuja kutazama washamba wakijiaibisha. Waliigiza Nicomède, tanzia ya Corneille. Wanawake walisifiwa, kwa jumla tanzia ilipokewa kwa heshima, na kila mwigizaji anajua heshima hiyo ladha yake. Molière akatoka mbele, akamshukuru mfalme kwa kuvumilia kasoro zao, akakiri kwa unyenyekevu wa kupindukia kwamba wale wa Bourgogne ndio asili na wao ni nakala dhaifu tu, kisha akaomba ruhusa: kwa kuwa mheshimiwa ameistahimili tabia yao ya kishamba, angependa kumwonyesha mojawapo ya vile vichekesho vidogo ambavyo vimewapatia sifa kidogo huko mikoani.

Wakacheza Le Docteur amoureux, juu ya mwanachuo aliyependa. Hatuna hata ukurasa mmoja wa kichekesho hicho. Tunachojua ni kwamba ukumbi ulicheka, mfalme akacheka, na kwamba dibaji ya mwaka 1682 ya tamthilia zake inaeleza sababu kwa sentensi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa historia ya sanaa aifikirie: vichekesho vidogo vilikuwa vimeachwa kwa muda mrefu Paris, hivyo vikaonekana kama jambo jipya. Paris ilikuwa imeacha futuhi ya mwisho wa mchezo kwa kuiona ya kihuni. Mikoani haikuachwa, kwa sababu mikoani mtu aliyelipa kiingilio anataka kucheka kabla ya kurudi nyumbani gizani. Kitu cha zamani kilichotunzwa na wasafiri kikarudi mjini kikaitwa ugunduzi.

Mfalme akawapa ukumbi wa Petit-Bourbon, wachangie na kundi la Waitalia la mchekeshaji Scaramouche, ambao Molière aliwalipa livre 1,500. Waitalia wakabaki na siku zao nzuri, pamoja na Jumapili, wageni wakapewa zilizobaki. Monsieur akawaahidi kila mwigizaji livre 300 kwa mwaka. Tunayajua haya kwa usahihi kwa sababu Pasaka ya 1659 aliingia kundini kijana La Grange, mwigizaji aliyekuwa na moyo wa mhasibu, akaanza kuandika daftari: tarehe, mchezo, mapato, fungu la kila mmoja. Akifa mtu, huchora alama nyeusi pembeni. Kuhusu zile livre 300 ameandika kwa ufupi kwamba hazikulipwa. Kuhusu L'Étourdi, ile ramsa ya Lyon, ameandika kwamba kila mwigizaji alipata fungu la pistoli 70, yaani sarafu za dhahabu. Mapato ya mlangoni, kwa hiyo, yalikuwa ya kweli kuliko ahadi ya nduguye mfalme.

Kisha, tarehe 11 Oktoba 1660, bila taarifa yoyote, mkuu wa majengo ya mfalme akaanza kuubomoa ukumbi wa Petit-Bourbon ili kupisha upanuzi wa Louvre. Waliruhusiwa kuchukua vibanda vya watazamaji na vitu vingine vya ukumbi. Mapambo ya jukwaa fundi wa mfalme aliyazuia, kisha akayachoma moto. Makundi mengine mawili ya Paris yakaona nafasi, yakaanza kuwarubuni mmoja mmoja. Kundi lisilo na ukumbi, katika mji wenye kumbi mbili zinazokuhitaji: nani angewalaumu? La Grange ameandika kwamba kundi zima lilibaki imara, kwamba wote walimpenda Molière kiongozi wao, na kwamba walimhakikishia watakuwa pamoja naye kwa hali yoyote. Sioni ajabu. Watu waliowahi kusafiri pamoja kutoka Nantes hadi Narbonne hawatishwi na miezi 3 bila ukumbi.

Mfalme akawapa jingine, ukumbi wa Palais-Royal, ambao ulikuwa gofu: mihimili 3 imeoza, nusu ya ukumbi haina paa. Wakautengeneza kwa vile vibanda walivyoviokoa, wakafungua tarehe 20 Januari 1661. Dari hawakuwa na fedha za kuijenga. Wakatandaza juu ya watazamaji turubai kubwa la rangi ya buluu, likashikiliwa kwa kamba, na chini ya turubai hilo, kwa miaka 10, ndipo Paris ilipokuja kuitazama Tartuffe.

Asanteni kwa kunisikiliza.